Mahindi ya ruzuku kando ya barabara ya Kasenga: kutoka bei iliyotangazwa hadi pesa mkononi

Kila anayelima mahindi kuizunguka Lubumbashi, kusini mwa Kongo, anaijua hesabu hii. Mwezi wa tano, mavuno yanapoanza kujaa, mchuuzi hufika hadi shambani na kutaja bei yake, na mkulima mwenye deni la shule na la dawa huikubali. Kisha mwezi wa kwanza, mvua zikiwa kali na ghala la nyumbani likiwa tupu, mkulima huyo huyo hununua unga wa bukari, yaani ugali, mjini kwa bei ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona alipokuwa akiuza. Kwa hiyo ulipokuja kwetu mradi wa ruzuku wenye ahadi mbili, yaani mbolea na mbegu kwa nusu ya bei, na baadaye ununuzi wa mavuno kwa bei iliyopangwa na serikali, hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Mimi ninaishi Ruashi, mtaa wa Lubumbashi, shamba la familia yetu liko kando ya barabara ya Kasenga, na wakati huo nilikuwa mwandishi wa koperative yetu, yaani ushirika wa wakulima, ndiyo maana karatasi zote zilipita mikononi mwangu. Ninawaandikia wale watakaoitwa kujiandikisha katika mradi wa namna hiyo, kwa sababu mambo yaliyotugharimu pesa nyingi hayakutajwa popote katika mikutano ya uzinduzi.

Lililotangulia lilikuwa hati. Mradi haukumpokea mkulima mmoja mmoja. Ulitaka koperative iliyoandikishwa kwa utaratibu wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambao Kongo inaufuata tangu ilipojiunga mwaka 2012. Sheria yenyewe ya koperative, iliyopitishwa mwaka 2010, si ngumu kama wanavyoieleza wale wanaotaka kulipwa kwa kuieleza: koperative ya aina rahisi huundwa na watu wasiopungua 5, na ile yenye baraza la uongozi huhitaji watu wasiopungua 15. Sisi tulizidi idadi hiyo kwa mbali, tulikuwa na daftari la michango na viongozi waliochaguliwa, lakini hatukuwa na kanuni zilizoandikwa wala orodha ya wanachama yenye sahihi. Kuziandaa kulituchukua sehemu kubwa ya kiangazi. Gharama rasmi zilikuwa za kubebeka. Zilizotuchosha ni nakala za karatasi, nauli za kurudi mjini kwa sababu mtu wa muhuri hayupo, na matabishi, yaani pesa za chai, yanayoombwa kwa upole katika kila meza. Tuliamua mapema kwamba kila faranga inayotoka iandikwe, hata ile isiyo na risiti, pamoja na tarehe na meza iliyoipokea. Daftari hilo halikutuletea haki mbele ya mtu yeyote, lakini liliwazuia wanachama kushukiana, na ninadhani bila hilo tungevunjika kabla ya kupanda.

Baada ya hati yalikuja majina, na hapa naomba msomaji awe na subira kidogo, kwa sababu ndipo familia kadhaa zilipopoteza msimu mzima. Malipo yote ya mradi yalipangwa kupita kwenye simu. Kwa muda mrefu, kitambulisho ambacho karibu kila mtu anacho katika nchi yetu ni kadi ya mpiga kura, na kwenye kadi hiyo Mkongomani anaandikwa jina, jina la pili na jina la ubatizo, kwa mpangilio unaotegemea aliyekuwa akiandika siku hiyo. Daftari la koperative lilikuwa na majina ambayo watu huitwa kijijini. Laini ya simu nayo ilikuwa na jina la tatu. Mtambo wa malipo ulitaka yote matatu yalingane, herufi kwa herufi, na usipoona ulinganifu haukumwambia mtu lolote; ulinyamaza tu.

Mama mmoja wa makamo ya bibi yangu alikuja kwenye kibanda tulichokuwa tunaandikia, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kadi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki na simu ndogo iliyoshikwa kwa mpira. Nilimuuliza: «Mama, laini hii imeandikwa kwa jina la nani?» Akajibu: «Ni ya mtoto wa binti yangu, papa. Yuko Kolwezi, anachimba. Yeye ndiye aliyeninunulia.» Tukapiga namba ya kukagua mwenye laini, na kweli likatokea jina la kijana. Kama tungeiandika hivyo, pesa ya mahindi ya bibi ingekwenda kwa mjukuu, au isingekwenda kokote. Alilazimika kupanda gari hadi mjini, kununua laini mpya kwa kadi yake mwenyewe, na kurudi, gharama ambayo kwake ilikuwa sawa na kuku wawili. Alinung'unika njia nzima, na alikuwa na haki. Lakini alilipwa. Majirani zake waliosema «tutaona mbele ya safari» ndio ambao bado walikuwa wakiuliza habari za pesa zao wakati sisi tunatayarisha mashamba upya. Kwa hiyo kagueni laini za wanachama wote kabla ya kujaza fomu hata moja, mnakili jina kama lilivyo kwenye kadi, pamoja na makosa yake ya herufi, na mkulima apige picha ya fomu yake kabla haijaondoka.

Kuhusu mbolea, agronomu, yaani bwana shamba, wa sekta yetu alikuwa mtu mkweli, na alituambia tangu mwanzo kwamba kalenda ya mradi na kalenda ya mvua hazikutengenezwa na mtu mmoja. Kwetu mvua za kupandia hutulia katikati ya mwezi wa kumi na moja. Mbolea ya kupandia, ile ya NPK yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu, inafaa kuingia ardhini pamoja na mbegu au siku chache baadaye, kwa sababu fosforasi yake hujenga mizizi ya mche mchanga. Urea, yenye asilimia 46 ya nitrojeni, hufuata mahindi yakiwa yamefika magotini. Lori la mradi lilifika mahindi yakiwa yamekwisha kupita magoti, likiwa na mifuko yote kwa pamoja. Waliokuwa wamenunua mfuko mmoja mmoja wa NPK sokoni kwa bei kamili walipanda kwa wakati na wakatumia urea ya mradi ipasavyo. Waliosubiri ya nusu bei walibaki kutazama majani yakiwa ya zambarau, ambayo ni dalili ya njaa ya fosforasi, na NPK waliyoimwaga baada ya hapo haikuwarudishia kitu kikubwa. Wapo waliouza mifuko hiyo siku ile ile kwa mchuuzi, na ingawa viongozi wa mradi waliwakaripia, mimi sikuona kosa lao: mbolea iliyochelewa ina thamani zaidi sokoni kuliko shambani.

Jambo jingine kuhusu ardhi yetu: udongo mwingi wa Katanga una asidi, na mbolea ikimwagwa kwenye udongo wenye asidi sehemu kubwa ya fosforasi yake hufungwa humo mmea usiipate. Mradi haukutoa chokaa ya kilimo. Nusu ya bei ya mbolea ambayo sehemu yake haifanyi kazi ni punguzo dogo kuliko linavyoonekana.

Juu ya mbegu nitapita haraka. Tulipewa mahindi chotara, ambayo huzaa vizuri yakipata mbolea kwa wakati, lakini punje zake hazifai kuwekwa kwa ajili ya msimu unaofuata. Wazee waliendelea kutenga kipande kwa mbegu ya Unilu, aina ya mahindi isiyo chotara, ambayo mkulima anaweza kuihifadhi mwenyewe, na mwaka ambao lori limechelewa kipande hicho ndicho kilichoitwa chakula. Viwavijeshi vamizi, vilivyoingia Afrika mwaka 2016, havikubagua kati ya mbegu hizi mbili.

Sasa bei. Ili kuielewa bei ya mahindi Lubumbashi lazima mtu atazame Kasumbalesa, mji wa mpakani, kwa kuwa sehemu kubwa ya unga tunaoula huvuka mpaka kutoka Zambia. Wenzetu wa upande ule wana Wakala wa Hifadhi ya Chakula, FRA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ambao kila msimu hutangaza bei ya gunia la kilo 50 na kununua kwa wakulima wadogo. Mwaka 2023 bei hiyo ilikuwa kwacha 280, na mwaka 2024 ikapanda hadi kwacha 330, baada ya ukame ambao Rais Hakainde Hichilema aliutangaza kuwa janga la taifa mwishoni mwa Februari mwaka huo, mahindi yakiwa yameharibika katika takriban hekta milioni moja. Wachuuzi wa barabara ya Kasenga hawasomi magazeti ya Lusaka, lakini wana namba za simu za watu wa mpakani, na bei wanayotutajia hutoka huko. Kwa hiyo mkulima wa Kongo naye afuatilie tangazo la FRA. Zambia ikifunga mpaka, gunia lake lina nguvu ya ghafla. Zambia ikivuna vizuri na kufungua mpaka, bei ya mchuuzi huanguka hata kama mvua zetu zilikuwa mbaya.

Kuna mvutano ambao mradi haukuupatia ufumbuzi, na sidhani kama upo mradi unaouweza kirahisi. Serikali inataka unga uwe rahisi kwa watu wa Lubumbashi, ndiyo maana mahindi ya mashamba ya Kaniama-Kasese yanayolimwa na Service national, idara ya serikali, yakishushwa mjini watu hushangilia. Serikali hiyo hiyo inataka mkulima auze kwa bei nzuri. Mimi ninayenunua unga Ruashi na kuuza mahindi kando ya barabara ya Kasenga ninaitaka bei ishuke na kupanda kwa wakati mmoja, kwa hiyo siwezi kumlaumu sana waziri. Lakini ruzuku ikiwa nyembamba na wapiga kura wa mjini wakiwa wengi, mkulima asifanye hesabu zake kana kwamba bei iliyotangazwa italindwa hadi mwisho.

Bei ya mradi, ilipotangazwa, ilizidi ya mchuuzi kwa karibu theluthi moja. Kijijini watu walipiga vigelegele. Kutoka hapo hadi pesa mkononi, theluthi hiyo ilipunguzwa na mambo ambayo kila moja peke yake lilionekana dogo.

Unyevu ndio uliotangulia. Ghala la mradi lilipokea mahindi yasiyozidi asilimia 13 ya unyevu, kiwango ambacho hakina ubaya, kwa kuwa mahindi mabichi huota ukungu na kuleta sumukuvu. Mchuuzi hapimi unyevu. Hununua kwa meka, chombo cha kupimia cha sokoni, au kwa gunia lililofura. Mkulima anapokausha mahindi kutoka asilimia 20 hadi 13, kila kilo 100 hubaki takriban kilo 92, na kilo hizo 8 zilizopaa angani ni lazima zihesabiwe unapolinganisha bei mbili. Siku ya kwanza ya mapokezi, karani wa ghala alichoma sindano ya kipimo kwenye gunia la tatu la jirani yetu, akasoma namba, akatikisa kichwa, na lori zima likaambiwa likakaushe. Mahindi yakaanikwa kwenye maturubai pembezoni mwa barabara, katikati ya vumbi la malori ya mizigo, na mwenye lori akadai pesa ya kulala. Baada ya hapo agronomu alitufundisha kipimo cha chumvi: chukua chupa kavu kabisa, tia chumvi kavu na punje za mahindi, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie; chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Hakikupi asilimia kamili, lakini kinatosha kumzuia mtu asikodi lori bure.

Baada ya unyevu ni usafiri na bariyeri, yaani vizuizi vya barabarani. Mchuuzi hubeba mwenyewe, na hongo za njiani ni zake. Mkulima anayepeleka ghalani hulipa lori, wapakiaji, na kila kamba iliyofungwa kukatiza barabara na mtu mwenye daftari. Tulipokusanya mizigo ya familia nyingi katika lori moja lenye barua ya koperative iliyogongwa muhuri na sekta, malipo ya njiani yalipungua kwa kiasi cha kuonekana. Mizani nayo iangaliwe: mwende na gunia moja mlilolipima wenyewe mahali pengine, liwekwe kwenye mizani ya ghala mbele ya watu wote kabla ya kazi kuanza. Hakuna haja ya kumtuhumu mtu. Gunia lenyewe linauliza swali.

Kisha kuna sarafu. Nusu yetu ya bei ya mbolea ilihesabiwa kwa dola, kwa sababu mbolea hutoka nje. Mahindi yetu yalitangaziwa bei kwa faranga. Kati ya tangazo na malipo faranga ilikuwa imelegea, na deni la wale waliochukua mbolea kwa mkopo lilikuwa bado limesimama katika dola. Hakuna kiongozi aliyevunja neno lake hapo. Neno lenyewe ndilo lililokuwa katika sarafu isiyofaa kwetu. Ulizeni jambo hili katika mkutano wa kwanza, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Lakini kilichokula zaidi ya vyote ni kusubiri. Ghala lilitoa karatasi ya mapokezi, na pesa ilipaswa kufuata. Mwezi wa sita ukapita, shule zikafunga, mwezi wa tisa ukakaribia na madai ya shule mpya, na simu zikawa kimya. Wachuuzi, ambao ni watu wenye akili, walianza kununua karatasi za mapokezi zenyewe: wanakupa pesa taslimu leo, pungufu hata ya bei yao ya mwezi wa tano, wewe unawaachia karatasi na laini ya simu pamoja na namba ya siri. Waliouza karatasi zao hawakuwa wajinga. Walikuwa na mgonjwa, au mtoto wa kufanya mtihani wa serikali, au msiba. Hivyo bei iliyokusudiwa kumwinua mkulima maskini ilimfikia kwa ukamilifu yule aliyekuwa na duka, mshahara, au ndugu mjini. Maskini aliipata ikiwa imekwisha kupita kwa mchuuzi. Nilikuwa miongoni mwa waliopata kwa ukamilifu, kwa kuwa nina kazi nyingine Ruashi. Sijui namna ya kuliandika hilo bila kuona haya kidogo.

Msimu uliofuata hatukuukataa mradi, kama baadhi walivyotaka. Tuligawa mavuno ya kila familia kabla ya kumsikiliza mtu yeyote. Sehemu ya kwanza ni ya kula hadi mavuno mengine, nayo haiuzwi kwa bei yoyote. Tulinunua mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambamo fukusi hufa kwa kukosa pumzi bila dawa, na ingawa mfuko mmoja ni ghali kuliko gunia la kawaida, hutumika zaidi ya msimu mmoja usipotoboka. Sehemu ya pili huuzwa kwa mchuuzi mapema, kwa bei yake, kwa ajili ya shule na madeni, na tulikubaliana kwamba hakuna wa kuchekwa kwa kufanya hivyo. Iliyobaki tu ndiyo huenda ghalani. Zaidi ya hayo, likelemba, yaani upatu, ya akina mama, ambayo zamani ilikuwa ya sahani na vitenge, ilitenga kikapu cha kukopesha kwa dhamana ya karatasi ya mapokezi, kwa riba ndogo, karatasi ikibaki kwa mweka hazina na laini ya simu ikibaki kwa mwenyewe. Kikapu hakikutosha watu wote. Kilitosha wale wenye wagonjwa, na wachuuzi wa karatasi hawakupata mengi mwaka huo.

Mbolea ya kupandia tunainunua wenyewe mwezi wa tisa, kwa pesa ya pamoja, kiasi cha eneo dogo la kila familia. Lori la mradi likija mapema, tunaongeza eneo, na likichelewa, tunachukua urea tu na kukataa NPK kwa maandishi ili tusiihesabiwe kwenye deni. Walishangaa mara ya kwanza mtu alipokataa mbolea ya nusu bei. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika hilo, tukaandika pembeni na kusaini.

Siku mtakapoitwa kusikiliza bei mpya, ulizeni mbele ya watu wote: italipwa kwa sarafu gani, unyevu wa kiasi gani unakubalika, nani analipa lori likirudishwa, na malipo yatatoka tarehe ngapi. Watakaowajibu kwa tarehe, andikeni tarehe hiyo. Wakisema «hivi karibuni», pelekeni ghalani yale magunia tu ambayo familia inaweza kukaa bila pesa yake hadi mvua zirudi.